Sifuri ya Chumvini

Siku bahari ilipotujia, mimi na dada yangu tulikuwa tumenuniana.

"Mwanakheri," aliniambia asubuhi ile kwenye simu, "mwanao anaolewa mara moja tu. Hilo tetemeko lako tumelingoja miaka kumi na moja. Haliwezi kungoja na lenyewe mpaka kesho?"

Huyo ndiye Dada Mwanamkuu. Alinitangulia kuzaliwa kwa miaka tisa, na tangu hapo hajaacha kunitangulia katika kila jambo. Nikamjibu kwamba zamu ni zamu. Akanikatia simu. Basi saa kumi alasiri, wakati binti yake Raihana anapakwa hina huku wanawake wa mji mzima wakimchezea ngoma, mimi nilikuwa Kituo cha Mawimbi cha Mwasini, ghorofa ya tatu, natafuna andazi lililopoa na kumsikiliza mkuu wangu, Mhandisi Lutengano, akinihadithia mvua za kwao Tukuyu. Mvua zile nilikuwa nimezihadithiwa mara ishirini.

Saa kumi na dakika nane skrini zote ukutani zikageuka nyekundu.

Tuna nyuzi za kioo zilizolazwa chini ya bahari, kilomita mia tisa, na kila mita yake inasikia. Samaki mkubwa akijikuna huko chini, sisi tunajua. Kinachozisikiliza nyuzi hizo usiku na mchana ni Mizani, mashine yetu, ambayo aliyeitengeneza aliipa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari, haina haraka wala huzuni.

"Tetemeko la ardhi," Mizani ikasema. "Kipimo nane nukta moja. Ukingo wa Davie. Sakafu ya bahari imenyanyuka. Wimbi la kwanza litafika Mwasini saa kumi na moja na dakika mbili. Kimo, mita tano."

Andazi likaniganda mdomoni. Dakika hamsini na nne.

"Toa king'ora," akasema Lutengano, na mvua za Tukuyu zikaishia hapo.

Ving'ora vikalia mji mzima. Kwenye kila mkono wa kila mtu wa Mwasini bangili ikaanza kutetemeka na kumwambia mwenyewe njia ya kupita. Bangili hizi hutolewa na serikali. Zinaonya, zinaelekeza, na zinahesabu, kwa hiyo kwenye skrini yetu kila mtu ni nukta ya kijani. Nikawaona watu elfu arobaini na moja wakianza kupanda kuelekea Mlimani, mtaa kwa mtaa, hawasukumani. Niliona fahari, sitaficha. Mazoezi yale ya kila mwezi, ambayo watu walikuwa wakinitukania, nilikuwa nimeyapanga mimi.

Ila hospitali haipandi mlima. Ipo ufukweni pale pale ilipojengwa na mababu wa mababu zetu, nyumba ya chini yote, na siku ile ilikuwa na wagonjwa mia sita na kumi na wanne. Gari za wagonjwa zilikuwa sita.

"Pazia," nikasema.

"Pazia," akaitikia Lutengano, na kila mmoja wetu akavua ufunguo wake shingoni.

*

Wimbi la namna hii huliui. Nilikaa Japani miezi saba kujifunza, na mwalimu wangu Bi Hayasaka alikuwa akinipeleka kwenye kuta zao za pwani, kuta za kutisha, halafu ananiuliza: "Unadhani maji yaliyokataliwa hapa yalikwenda nyumbani kulala?" Maji yakikataliwa hapa yanakwenda pale. Nikakaa na Chile mwaka mzima, nikaona wenzetu wa kule hawangoji hata king'ora. Ardhi ikitikisika tu, bibi anamshika mjukuu mkono, wanapanda mlima, wanarudi kesho. Indonesia wanafundisha watoto wadogo kwamba bahari ikirudi nyuma ghafla, wewe usiifuate, kimbia. Kila nchi ilijifunza kwa kuzika watu wake.

Sisi tukatengeneza Pazia. Ni mabamba mia mbili na kumi na mawili yaliyolala juu ya miamba mbele ya mji. Ukiyajaza hewa yanasimama, yote kwa mshazari, na wimbi likiyagonga linageuka kwenda kusini, kwenye bonde la Chumvini. Zamani kulikuwa na mashamba ya chumvi. Siku hizi hakuna mtu, na hairuhusiwi mtu kuishi. Huko wimbi linamwagika, linachoka, linarudi baharini.

Kuna sheria moja tu juu ya Pazia, na watoto wa shule wanaijua kwa jina: Sheria ya Sifuri. Pazia halisimamishwi mpaka hesabu ya watu Chumvini iwe sifuri. Anayegeuza ufunguo huku akijua kuna mtu bondeni, sheria inamwita muuaji. Wala haiulizi ameokoa wangapi upande wa pili. Niliipenda sheria ile. Nilikuwamo katika kamati iliyoiandika.

Mabamba yanataka robo saa kamili kabla ya wimbi. Kwa hiyo funguo zetu mbili zilitakiwa kugeuzwa saa kumi na dakika arobaini na saba, na zikishageuzwa hakuna kurudi nyuma.

"Hesabu ya Chumvini," akauliza Lutengano.

"Sifuri," ikajibu Mizani.

"Alhamdulillahi," nikasema, na hapo hapo moyo ukanipiga.

Nikavuta picha ya Mlimani. Kwenye nyumba ya dada yangu, nyumba ya vyumba vitatu, palikuwa na nukta mia nne na kumi na mbili.

"Mhandisi, njoo utazame."

Akaja. "Ee. Ndiyo harusi yenu hiyo? Safi sana, wako juu tayari. Dada yako ana akili."

"Tazama vizuri. Watu mia nne na kumi na mbili sebuleni kwa dada yangu, king'ora kinalia, na hakuna anayesogea. Hakuna hata anayekwenda chooni."

Akanitazama. Mtu wa bara, mwema, mwenye mke mmoja aliyemuoa kanisani Tukuyu na picha mia tano za siku ile. Angejuaje?

"Wamevua bangili," nikasema. "Mhandisi, hii ni shughuli ya wanawake. Watu wamejikwatua, vichwa wazi, mabega wazi, wanacheza. Bangili ina kamera. Haingii mtu na bangili wala simu ukumbini, wanakamati wanazikusanya mlangoni."

"Sasa si zingekuwa mlangoni?"

"Mwezi uliopita zilikuwa mlangoni kwa watu wengine, kwenye pakacha, na moja ikarekodi sauti. Mafunzo ya bibi harusi yakasikika mpaka barazani kwa wanaume. Dada yangu akaapa kwake halitatokea hilo. Amezituma zote nyumbani kwa gari."

"Na wao wenyewe wako wapi?"

Sikutaka kulisema. "Ukumbi wa Chumvini."

Baraza la mji lilitoa kibali miaka miwili nyuma: ukumbi si makazi, watu wanakuja wanaondoka, kila anayeingia anahesabiwa na bangili yake. Nilipinga, wakaniambia mimi mzito. Una upepo, uko mbali na majirani, muziki unapigwa utakavyo. Kila mwenye binti aliutaka. Na kwa kuwa bondeni hakai mtu, hapakuwa na king'ora.

Lutengano akajifuta uso. "Una hakika au unadhani?"

"Nina hakika."

"Mashine inasema sifuri, Bi Mwanakheri."

"Mashine haijawahi kualikwa harusini."

Ilikuwa saa kumi na dakika kumi na saba.

*

Nikarusha droni mbili. Mwasini hadi Chumvini ni dakika nne kwa droni. Ukumbi ukatokea kwenye skrini, bati la buluu katikati ya uwanda mweupe, na bahari nyuma yake imetulia haina habari. Muziki ulikuwa mkubwa hata kamera ilikuwa inacheza. Spika zile zilitikisa sakafu kuliko tetemeko lenyewe, ndiyo maana hakuna aliyehisi kitu.

Nikashusha droni ya kwanza mpaka dirishani, nikafungua kipaza sauti. "Tokeni nje! Wimbi linakuja! Tokeni!"

Lo! Sijawahi kuona wanawake wakifanya kazi kwa umoja namna ile. Ilipigwa kelele moja: "Kamera!" Kanga zikaruka vichwani, madirisha yakafungwa pande zote mbili, mapazia yakavutwa, na mlango ukatiwa komeo. Mwanamke mmoja mwenye mkono mzuri akatoka ubavuni na sinia la shaba, akaitandika droni ikaanguka kwenye chumvi. Wakaongeza sauti ya muziki.

Nilikuwa nimewafungia ndani kwa mkono wangu mwenyewe.

"Wamefanya nini?" akauliza Lutengano.

"Wamejisitiri," nikasema. "Na mimi ningefanya vile vile. Nipe umeme wa bonde."

"Nini?"

"Ukate umeme wa Chumvini. Wote."

Akaukata. Muziki ukafa katikati ya neno. Nikaipandisha droni ya pili juu ya paa, mbali na sinia, kamera nikaigeuza iangalie mbinguni, na nikasema kwa sauti yangu yote, sauti ambayo mama alikuwa akisema itanikosesha mume:

"Dada Mwanamkuu! Ni mimi, Heri! Kamera nimeigeuza, sikuoni! Toka nje nizungumze na wewe!"

Halafu komeo likalia.

"Wewe Heri!" Sauti ya dada ilinijia kupitia maikrofoni ya droni, imejaa hasira. "Huna haya wewe? Hukuja kwenye shughuli ya mwanao, halafu unatuma midude yako ituchungulie! Umenizimia na umeme! Watu wanasema nini humo ndani, unajua?"

"Dada, dakika thelathini na tatu kutoka sasa bahari itakuwa hapo uliposimama."

"Mbona king'ora hakikulia?"

"Hapo hakuna king'ora. Na bangili zenu zinalia nyumbani kwako peke yake, zinawaonya makochi."

Nilimsikia akivuta pumzi, na nikamjua anavyohesabu kichwani. Mwanamkuu ni mkaidi, lakini si mjinga, na amelea watoto sita. Alipoongea tena, hakuwa anaongea na mimi.

"Jamaniee! Vueni viatu! Wote, viatu vyenu vya visigino vivueni! Tunakwenda kwenye tuta la reli, sasa hivi, mkono kwa mkono! Wazee wapande gari la mpishi! Masufuria yaacheni, nani kakwambia ubebe sufuria?"

Tuta la reli lilikuwa mita mia nane. Ni refu mita kumi na moja na lingestahimili. Niliigeuza kamera sasa, kwa ruhusa. Nikawaona wakitoka na sare zao za zambarau, wanawake mia nne pekupeku kwenye chumvi inayochoma nyayo, na yule aliyeangusha droni yangu yuko mbele na lile sinia, analipiga kwa mwiko ili watu waende kwa mwendo mmoja. Wengine wakaanza kuimba. Nililia kidogo hapo, Lutengano akajifanya hakuniona.

*

Saa kumi na dakika arobaini na tatu wa mwisho alipanda tuta. Wagonjwa waliobaki hospitali walikuwa mia tatu na tisini, na idadi ilikuwa ikishuka polepole mno.

"Dada, wahesabu," nikasema. "Nataka nambari, sitaki makisio."

Shughuli zetu zina jambo moja zuri. Mwenye shughuli anajua idadi ya sare alizogawa hata umwamshe usingizini. Wanakamati wakapita mstari kwa mstari, wakigusa bega kwa bega. Nikasubiri. Lutengano alikuwa ameshaingiza ufunguo wake kwenye tundu, mkono uko juu yake.

"Mia nne na tisa," akasema dada.

"Zilikuwa mia nne na kumi na mbili."

"Najua zilikuwa ngapi!" Halafu sauti ikabadilika. "Raihana yuko wapi? Nani kamwona Raihana? Si alipanda gari la mpishi?"

Mtu akasema hakupanda. Mwingine akasema alidhani ametoka kwa mlango wa nyuma. Bibi harusi alikuwa ameketishwa chumba cha nyuma tangu saa nane, kuta nene, feni inavuma, hina mbichi mikononi na miguuni. Alikuwa na Shuweha aliyekuwa akimpamba, na somo wake Bi Kazija, mwanamke wa miaka themanini aliyemfundisha mambo ya ndoa. Bibi harusi haonekani mpaka atolewe, na hakuna anayefungua mlango ule ila mama mtu. Mama mtu alikuwa amekimbilia kuokoa watu mia nne. Umeme ulipozimwa wao watatu walidhani umekatika tu, na kelele za watu ni za kuulalamikia.

"Narudi," dada akasema, na nikamwona anashuka tutani na magoti yake yale mabovu.

"Dada, simama."

"Mwanangu yumo!"

"Simama! Ukishuka utawafanya wanne!"

Akasimama. Akainua uso kuitazama droni, kwa hiyo alikuwa ananitazama mimi, na hakuna skrini iliyowahi kunitazama vile.

Saa kumi na dakika arobaini na sita.

"Bi Mwanakheri," akasema Lutengano taratibu. "Mizani inasema sifuri. Kisheria ni sifuri. Mimi sijasikia kitu kingine chochote. Unanielewa?"

Nilimwelewa. Alikuwa ananipa mlango wa kutokea, na aliutoa kwa roho safi. Mashine ingebeba ile sifuri, nasi tungelala salama. Hospitalini walikuwa wamebaki mia tatu na sabini na mmoja. Wodi ya wazazi ilikuwa bado kuguswa, kwa sababu ndiyo ya mwisho kwenye korido, na mle ndani kulikuwa na wanawake wenye uchungu na watoto wa saa mbili duniani ambao hata bangili hawajavishwa.

Nataka niseme ukweli hapa, maana wengi wamenisemea. Wamesema nilipima watatu na mia tatu sabini na mmoja, nikaona jibu. Sivyo. Hesabu ile hata muuza karanga angeifanya. Kilichonishika ni kwamba Raihana nilimfundisha mimi kutembea, na kwamba sheria nimeiandika mimi mwenyewe, kwa kalamu yangu, ili mtu kama mimi asiwe na ruhusa ya kufanya nilichotaka kufanya. Tuliiandika kwa sababu tulijua siku moja mtu mwenye ufunguo atatazama watu wachache bondeni na kusema wachache si kitu. Na sheria ilikuwa sawa. Bado ni sawa. Nilikuwa nakwenda kuivunja nikijua ni sawa.

"Dada," nikasema kwenye kipaza sauti, "sitakudanganya. Nageuza ufunguo. Ukishageuka zimebaki dakika kumi na tano maji yafike hapo. Nitakwenda dirishani kwa Raihana na kuwatoa. Wanaweza kufika."

"Heri."

"Wanaweza kufika, dada."

"Heri, usi..."

Nikageuza. Lutengano akageuza. Nje, kilomita mbili baharini, mabamba yakaanza kuinuka moja baada ya jingine, na Mizani ikasema kwa sauti ile ile ya taarifa ya habari: "Pazia linasimama. Idadi ya Chumvini, sifuri."

"Watatu," nikaiambia.

*

Droni iligonga dirisha la nyuma mpaka kioo kikavunjika. Nikaona pazia likivutwa, na uso wa Raihana, umepakwa nusu, jicho moja lina wanja na jingine halina.

"Mama mdogo?"

"Raihana, tokeni hapo mbio kwenye tuta. Wimbi linakuja. Wenzenu wote wamekwisha kuondoka."

Namshukuru Mungu kwa malezi ya dada yangu. Mtoto hakupiga kelele wala hakuuliza mara mbili. Alimgeukia Shuweha wakamnyanyua Bi Kazija kitini. Hatua tano tu nikaona kwamba haitafaa. Bi Kazija anatembea kwa fimbo na kupumzika kila baada ya nguzo mbili.

"Niacheni," Bi Kazija akasema. "Nimeshaona maharusi wa kutosha."

"Somo, nyamaza," akasema Raihana, na Shuweha akatoka nje kutazama kama lipo gari.

Gari hapakuwa. Palikuwa na mkokoteni wa matairi mawili ulioletea kreti za soda. Wakazimwaga kreti chini, chupa zikavunjika kote, wakamlaza Bi Kazija juu ya mkokoteni na mto wa kiti cha bibi harusi chini ya kichwa. Raihana akashika mpini. Hina mbichi ikashika mbao, ikashika gauni, ikashika kila kitu. Wakaanza kusukuma.

Mita mia nane. Nikaruka juu yao na kuwaita njia, maana chumvi ya pale ina sehemu laini zinazomeza gurudumu.

"Kushoto. Kushoto tena. Hapo pana tope, zunguka. Vizuri. Mita mia tano."

"Mnanitikisa," Bi Kazija alilalamika. "Shuweha, wewe unasukuma au unaegemea?"

"Nasukuma, bibi!"

Dakika saba. Bahari ilikuwa imeanza kurudi nyuma, na samaki walikuwa wanarukaruka kwenye mchanga ambao haujawahi kuona jua. Gurudumu likazama mara moja. Raihana akaingia chini ya mkokoteni kwa bega, akaunyanyua, na nilimsikia akitoa neno ambalo somo wake hakumfundisha. Dakika nne. Mita mia mbili.

Kutoka tutani wanawake walianza kushuka kuwapokea, na mara hii dada hakumzuia mtu, na mimi sikumzuia. Waliwachukua wote watatu mtelemkoni, mkokoteni na kila kitu, mikono kwa mikono mpaka juu. Saa kumi na moja na dakika mbili, kama Mizani ilivyosema, wimbi lililogeuzwa na Pazia liliingia Chumvini. Lilikuwa la kahawia na halikuwa na haraka. Likaubeba ukumbi wa bati la buluu mzima mzima, likaupeleka mpaka chini ya tuta, likauvunja pale miguuni pao.

Hospitalini maji yalifika kwenye ngazi ya pili ya mlango mkuu, basi.

Lutengano alikalia sakafu. Mimi nilibaki nimesimama kwa sababu nilijua nikikaa sitanyanyuka.

*

Asubuhi nilikwenda Mlimani. Nyumba ya dada ilikuwa imejaa wanawake waliokuja kuchukua bangili zao, wanachekana nyayo zilivyoungua, wanamwigiza yule wa sinia. Ndoa ilikuwa imefungwa tayari alfajiri, msikitini, bwana harusi hakutaka kungoja bahari ifikirie tena. Dada alinipa chai.

Nilikuwa na kishikwambi cha kazi mapajani. Mizani ilitaka nithibitishe taarifa ya jana kabla ya saa nne. Sentensi ilikuwa imeshaandikwa: *Idadi ya watu Chumvini wakati wa kusimamisha Pazia: 0. Thibitisha.* Lutengano alinipigia simu mara mbili. "Bonyeza ndiyo, Bi Mwanakheri. Hakuna aliyekufa. Unataka kwenda jela kwa ajili ya watu wanaokunywa chai?"

Dada aliketi mbele yangu. Alikuwa amezeeka tangu jana.

"Nikuulize," akasema. "Ungejua hawafiki. Ungejua kwa hakika. Ungegeuza?"

Ningeweza kusema sijui. Watu wengi wangesema hivyo, na hakuna anayeweza kuwapinga.

"Ningegeuza," nikasema.

"Nilikuwa nakuangalia, Heri."

"Najua."

"Nisingekusamehe. Mpaka nakufa."

"Najua, dada."

Hakulia. Aliitazama chai yake tu. Ndipo nilipomwona Raihana mlangoni, na hina yake imeharibika mpaka viwikoni, madoa matupu. Sikujua alikuwa amesimama hapo tangu lini.

"Uliponiita dirishani," akaniuliza, "ulikuwa umeshageuza?"

"Nilikuwa nimeshageuza, mwanangu."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Akaja akakaa kando yangu, akasoma ile sentensi kwenye kishikwambi, akaisoma tena.

"Hii inasema sikuwapo."

"Inasema hapakuwa na mtu."

"Mimi nilikuwapo," akasema. "Nilikuwapo na somo na Shuweha. Ukiandika hatukuwapo, mara ijayo watasema mashine haikosei. Halafu atakuwemo mwingine." Akaurudisha mkono wangu kwenye kioo. "Niandike, mama mdogo."

Nikafuta sifuri. Nikaandika watatu, na chini yake majina yao: Raihana binti Omari, Kazija binti Faki, Shuweha binti Haji. Nikaandika kwamba mshika ufunguo alijua. Mizani ikaniuliza kama nina hakika, ikaniuliza tena, na mara zote mbili nikaijibu kwamba ninayo.